Forodha na Mbiu Yake: Kutoka Hongo hadi Stempu katika Mwambao wa Busega

Kalemela ni kata ya Wilaya ya Busega, wilaya pekee ya Mkoa wa Simiyu inayogusa Ziwa Victoria. Mkoa huo, wenye makao makuu mjini Bariadi, uliundwa mwaka 2012. Kabla ya hapo eneo hili lilikuwa ndani ya Wilaya ya Magu, mkoani Mwanza. Hakuna mpaka wa nchi hapa. Kituo cha forodha cha Sirari, mpakani na Kenya, kiko mbali mkoani Mara, na bandari kubwa iliyo jirani ni ya Mwanza. Hata hivyo bidhaa za kigeni zimefika katika nchi hii tangu siku za misafara, na sheria za kuziruhusu, kuzitoza au kuzikataza zimekuja nyuma yake.

Namna sheria hizo zinavyotekelezwa imeamuliwa kwanza na jiografia. Ghuba ya Speke ina fukwe nyingi ambako mtumbwi huweza kushusha mzigo bila gati wala ofisa. Fukwe za namna hiyo huitwa bandari bubu. Nchi kavu, barabara kuu itokayo Sirari kwenda Mwanza hupita Busega, na pale Lamadi huchepuka njia ya Bariadi. Forodha haijawahi kuwa na watu wa kutosha kusimama kila ufuko na kila kichochoro. Kwa sababu hiyo imefanya kazi kwa mikono miwili: mmoja hukamata kile unachokifikia, na mwingine hutangaza kilichokamatwa ili wale wasiofikiwa wapate kuogopa. Mikono hiyo haikuwa na nguvu sawa kila wakati.

Hongo na ngoma

Katika karne ya 19 bidhaa iliyotoka ng'ambo hadi Usukuma ilitozwa zaidi ya mara moja. Mara ya kwanza ilikuwa pwani. Mikataba ambayo Sultani Said bin Sultan aliifanya na Marekani mwaka 1833, Uingereza mwaka 1839 na Ufaransa mwaka 1844 iliweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zinazoingia. Sultani hakuwa na idara ya forodha. Aliikodisha kazi hiyo kwa mfanyabiashara aliyemlipa kiasi kilichopatanwa kwa mwaka, na kilichozidi kikawa chake. Kwa miaka mingi walioikodi walikuwa nyumba ya Jairam Shivji, Wahindi wa Kutch. Neno forodha lenyewe limetoka katika Kiarabu, na Forodhani ya Unguja ni kumbukumbu ya mahali marobota yalipopitishwa na kuhesabiwa.

Kisha mzigo ulitozwa njiani. Msafara uliotoka Bagamoyo kupitia Unyanyembe ulilipa hongo kwa mtemi wa kila nchi uliyoipita, na hongo ililipwa kwa vitu vyenyewe: merikani, kaniki, shanga, waya wa shaba. Mashauriano yaliweza kuchukua siku kadhaa. Mwingereza John Hanning Speke, ambaye ghuba hii ilipewa jina lake, alipita Uzinza, magharibi ya Usukuma, mwaka 1861, na aliandika jinsi ngoma ilivyopigwa hongo ilipokwisha kupokewa. Mlio huo ulikuwa risiti. Uliwaambia wote, wenyeji na wapagazi, kwamba mzigo umetozwa na asiuzuie mtu. Msafara uliojaribu kupita kabla ya ngoma ulikuwa umevunja sheria ya nchi mbele ya macho ya kila mtu.

Wamishenari wa Kianglikana wa CMS walipoanza kituo chao Nassa, katika mwambao huu wa Ghuba ya Speke, mwaka 1888, nguo na vifaa vyao vilitegemea mpango huohuo: ushuru pwani, hongo njiani.

Bunduki, pombe na bandari za ziwani

Mwaka 1888 ndio mpango wa zamani ulipoanza kuvunjika. Mwezi Aprili Sultani Khalifa wa Zanzibar aliikabidhi Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki haki ya kuendesha forodha ya pwani ya bara. Mwezi Agosti watu wa kampuni walipoingia mijini na kupandisha bendera yao, pwani iliinuka. Abushiri bin Salim aliongoza upinzani kutoka Pangani, Bwana Heri kutoka Saadani. Mambo yaliyowachukiza watu yalikuwa mengi, lakini mojawapo lilikuwa hilo la nani ana haki ya kukaa forodhani na kufungua mizigo ya wengine. Kampuni ilishindwa kuituliza pwani, na kuanzia tarehe 1 Januari 1891 serikali ya Ujerumani ilishika utawala, forodha ikiwemo.

Wakati huohuo katazo la kwanza la kimataifa la uingizaji bidhaa lilifika Maziwa Makuu. Mkataba Mkuu wa Brussels wa mwaka 1890, uliotiwa saini na mataifa ya Ulaya, Marekani, Uturuki, Uajemi na Zanzibar, ulikusudia kukomesha biashara ya watumwa, na ulizuia uingizaji wa bunduki na baruti katika sehemu kubwa ya Afrika, na kuibana pombe kali. Kabla ya hapo silaha zilikuwa bidhaa ya kawaida kusini mwa ziwa. Charles Stokes, mtu wa Ireland aliyewahi kuitumikia CMS kisha akawa mfanyabiashara wa pembe na bunduki, aliwapelekea silaha Wakristo wa Buganda kwa mashua mwaka 1889 akitokea upande huu wa ziwa. Mwaka 1895 ofisa wa Dola Huru ya Kongo alimnyonga kwa tuhuma za kuwauzia silaha adui zake. Habari hiyo ilizua mzozo mkubwa kati ya Kongo, Uingereza na Ujerumani. Pengine hakuna kesi nyingine ya biashara haramu ya ziwani iliyojulikana duniani kama ile, na adhabu yake ilitolewa nje kabisa ya taratibu za forodha.

Mabadiliko makubwa ya biashara yaliletwa na reli ya Uganda, iliyofika Kisumu mwaka 1901. Tangu hapo mzigo wa Mwanza haukulazimika kubebwa kichwani hadi Bagamoyo. Ulivuka ziwa kwa meli hadi Kisumu, ukapanda treni hadi Mombasa. Kwa Wajerumani hilo lilikuwa neema na adha: biashara ya Mwanza, Bukoba na Shirati ilikua haraka, lakini ilipita mikononi mwa koloni la jirani. Ndipo forodha ilipokuwa kitu cha kuonekana ziwani, yenye kituo, ghala na ofisa. Tangazo la kisheria lilichapishwa kwa Kijerumani katika gazeti la serikali. Kwa wakulima na wavuvi lilifika kwa mdomo, barazani, kupitia kwa watemi.

Ziwa bila ushuru

Waingereza waliitwaa Mwanza Julai 1916. Katika miaka iliyofuata mpaka wa forodha ziwani ulififia hatua kwa hatua. Kenya na Uganda ziliunganisha forodha zao mwaka 1917. Mwaka 1923 mazao na bidhaa zilizotengenezwa ndani zilianza kuvuka bila ushuru baina yao na Tanganyika, na mwaka 1927 Tanganyika ikaingia kikamilifu katika umoja huo. Mwaka 1949 idara za forodha ziliunganishwa kuwa moja chini ya Kamisheni Kuu ya Afrika Mashariki, makao yake Mombasa.

Kwa mnunuzi wa Usukuma matokeo yake yalikuwa rahisi: shuka ya kigeni ilikwisha kulipiwa ushuru Mombasa au Dar es Salaam, na sabuni au sigara ya Kenya haikuwa bidhaa ya kigeni. Fedha ya pamba ilinunua vyote. Kazi ya ofisa wa forodha wa ziwani ikawa hasa kuandika takwimu za kile kilichovuka. Mwenye duka hakuwa na sababu ya kuuliza mzigo umetokea upande gani wa ziwa, na magendo ya bidhaa za kawaida hayakuwa na faida. Serikali nayo sasa ilikuwa na chombo cha kusemea na wasomaji wa Kiswahili, jarida la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923.

Uhuru haukuvunja mpango huo mara moja, ila uliubadilisha. Kenya ilikuwa na viwanda vingi zaidi, na Tanzania na Uganda zilidai nafasi ya kulinda vyao. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967, uliruhusu kodi ya uhamisho kwa bidhaa za jirani. Sabuni ya Kenya, iliyokuwa kama ya nyumbani kwa miaka 40, ikaanza kuwa na asili ya kuulizwa.

Miaka ya magendo

Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na katikati ya mwaka huo Jumuiya ikafa. Mpaka ulibaki umefungwa hadi Novemba 1983. Katikati ya kipindi hicho vilitokea vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979, bei ya mafuta ilipanda na fedha za kigeni zikaadimika. Bidhaa zilipaswa kugawiwa kupitia kampuni za biashara za mikoa na maduka ya ushirika kwa bei zilizowekwa na serikali. Maduka yakawa na rafu tupu.

Hapo ndipo neno magendo lilipochukua nafasi yake katika mazungumzo ya kila siku, likiwa pamoja na ulanguzi. Bidhaa zilizotafutwa hazikuwa za anasa: sabuni, betri, vitenge, mafuta ya kupikia, matairi ya baiskeli, dawa ya meno. Zilivuka Sirari kwa njia za panya na kushuka kwa mitumbwi usiku, wakati kahawa, ng'ombe na samaki wakienda upande wa pili. Kipande cha sabuni kilikatwa vipande vidogo zaidi na kuuzwa kimoja kimoja. Kwa sheria kilikuwa bidhaa isiyolipiwa ushuru. Kwa mama aliyekinunua kilikuwa sabuni pekee iliyopatikana mwezi ule. Kila nyumba ikawa na kitu kidogo cha kuficha, na mvunja sheria hakutofautishwa tena na mtu wa kawaida.

Mwaka 1983

Serikali ilijibu kwa kampeni kubwa kuliko zote za kutangaza makosa ya kibiashara katika historia ya nchi. Mwishoni mwa Machi 1983 Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alianzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi. Msako uliendeshwa nchi nzima, na zaidi ya watu elfu moja walikamatwa. Sheria ya Uhujumu Uchumi ilipitishwa Aprili baada ya ukamataji kuanza. Iliunda baraza maalumu la kusikiliza kesi hizo nje ya mahakama za kawaida, na watuhumiwa hawakuruhusiwa mawakili.

Redio Tanzania Dar es Salaam na magazeti ya Uhuru, Mzalendo na Daily News yalieleza yaliyopatikana: magunia ya sukari, marobota ya vitambaa, katoni za sabuni, fedha taslimu. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na safari hii ililia katika kila redio ya kijiji. Matokeo yalikuwa ya haraka. Watu walitupa mali yao usiku vichakani, mitaroni na majini ili isikutwe nyumbani, na asubuhi hakuna aliyedai kuwa mwenyewe. Tangazo lilikuwa limefanya kile ambacho maofisa wachache wasingeweza kamwe: liliingia katika nyumba ambazo hakuna askari aliyezigonga.

Lakini halikujaza rafu. Bidhaa zilizotupwa zilikuwa zilezile ambazo maduka hayakuwa nazo, na walanguzi wadogo walinaswa kwa wingi kuliko wakubwa. Sokoine alifariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984. Mwaka huohuo Sheria ya Uhujumu Uchumi na Makosa ya Kupanga ilichukua nafasi ya ile ya 1983 na kuzirudisha kesi hizo katika Mahakama Kuu. Bajeti ya Juni 1984, iliyosomwa na Waziri wa Fedha Cleopa Msuya, iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa wamezipata wapi. Kilichopunguza magendo ya sabuni hatimaye kilikuwa sabuni yenyewe kuingia kihalali.

Sheria ya sasa

Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995 na ikaanza kazi tarehe 1 Julai 1996, ikiwa na idara ya forodha ndani yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999, na umoja wake wa forodha ukaanza tarehe 1 Januari 2005. Tangu hapo sheria inayotumika Sirari ndiyo itumikayo Mombasa na Entebbe: Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Ushuru wa pamoja kwa bidhaa za nje ya Jumuiya ulipangwa katika viwango vya asilimia 0, 10 na 25, na mwaka 2022 kiliongezwa cha asilimia 35.

Jedwali la pili la sheria hiyo hutaja bidhaa zisizoruhusiwa kabisa. Ndani yake mna fedha bandia, picha za ngono, dawa za kulevya, bidhaa ghushi, taka hatari, sabuni na vipodozi vyenye zebaki, pamoja na matairi yaliyotumika ya magari madogo. Bidhaa nyingine huruhusiwa kwa kibali cha mamlaka husika. Nyavu za nailoni za uzi mmoja, ambazo wavuvi wa ziwa huziita timba, zinakatazwa na sheria za uvuvi za Tanzania.

Utekelezaji hufuata hatua zinazojulikana. Ofisa akishuku mzigo, huuzuia na kudai hati. Mzigo hauhesabiwi kuwa safi mpaka mwenyewe aonyeshe kwamba ushuru umelipwa, maana jukumu la kuthibitisha ni lake. Ukikamatwa bila mwenyewe kuwepo, forodha humwandikia ndani ya mwezi mmoja kumweleza sababu. Naye ana mwezi mmoja wa kudai mali yake; asipodai, inataifishwa. Chombo kilichobeba nacho hutaifishwa, na sheria imeweka kiwango kinachofaa sana ziwani: meli ya chini ya tani 250 hufuata mzigo wake. Karibu kila mtumbwi na boti ya mbao ya Ghuba ya Speke imo humo, sawa na pikipiki, lori na hata punda. Anayeingiza bidhaa zilizokatazwa au kukwepa ushuru anaweza kufungwa hadi miaka mitano, au kutozwa faini ya asilimia 50 ya thamani ya mzigo, au vyote viwili.

Si kila kosa hufika mahakamani. Mkosaji akikiri kwa maandishi na kuomba, Kamishna anaweza kumaliza shauri kwa kumtoza kiasi kisichozidi faini ya kosa hilo, na uamuzi huo huwa wa mwisho. Njia hii ni ya haraka na huleta fedha, ila haina hukumu inayosomwa hadharani.

Kwa wafanyabiashara wadogo Jumuiya ina utaratibu uliorahisishwa. Mzigo wenye asili ya nchi wanachama usiozidi dola 2,000 za Marekani huvuka kwa cheti chepesi cha asili kinachotolewa mpakani. Hiyo ni hali ya ziwa ya miaka ya 1930 iliyorudi kwa karatasi moja.

Tangazo, mnada na moto

Tangazo la forodha lina sura kadhaa. Ya kwanza ni Gazeti la Jumuiya, ambamo bandari, mipaka na vituo halali hutajwa kwa majina. Mahali pasipotajwa ni bandari bubu kwa sheria, hata kama pana soko kubwa la samaki. Ya pili ni tangazo la mnada. Mzigo ulioachwa katika ghala la forodha zaidi ya siku 30 hutangazwa, na mwenyewe asipojitokeza ndani ya siku 30 nyingine huuzwa. Orodha hizo hupangwa safu kwa safu: namba ya kontena, chombo kilicholeta, aina ya mzigo, jina la mpokeaji.

Ya tatu ni mkutano na waandishi wa habari. Shehena iliyokamatwa hupangwa nyuma ya meza: marobota ya vitenge, mifuko ya sukari, katoni za pombe kali. Ofisa hutaja wingi, thamani na kodi iliyokwepwa, kisha huwaomba wananchi watoe taarifa. Mwito huo ni sehemu ya kazi yenyewe, kwa kuwa forodha hutegemea jirani mwenye kuona boti isiyowaka taa.

Ya nne, inayokumbukwa kuliko zote, ni uteketezaji. Mwishoni mwa Oktoba 2017 maofisa walichoma vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya kupitia Namanga, kwa sababu ya hofu ya mafua ya ndege na ukosefu wa vibali. Mwezi huohuo ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya waliovuka kufuata malisho walikuwa wamepigwa mnada. Picha zilienea Afrika Mashariki yote, na Kenya ikalalamika kidiplomasia. Mwaka 2018, katika Operesheni Sangara, nyavu haramu zilirundikwa na kuchomwa katika mikoa inayozunguka ziwa. Hoja ya serikali ilikuwa kulinda mazalia ya samaki. Ya wavuvi ilikuwa kwamba nyavu hizo zilipita mpakani na kuuzwa madukani kabla ya kufika kwao.

Siku hizi ukaguzi pia hufuata bidhaa hadi rafuni. Tangu mwaka 2019 chupa za pombe na pakiti za sigara hubandikwa stempu ya kodi ya kielektroniki, baadaye na vinywaji baridi, na mnunuzi mwenye simu janja huweza kuisoma kwa programu ya Hakiki Stempu. Stempu halisi huonyesha nani alitengeneza au kuagiza bidhaa. Chupa isiyo na stempu, hata ikiwa katika duka la ndani kabisa la Busega, hubeba tangazo lake yenyewe: imepita mahali ambapo ngoma haikupigwa.